Usimlilie Mhusika Wako

Katika miswada ya hadithi fupi ninayopewa niipitie, yatima ni wengi kuliko wenye wazazi. Mama amefia leba, baba ni mlevi, mama wa kambo ana roho ya korosho, ada haijalipwa, mvua inanyesha na bati linavuja. Tukifika ukurasa wa tatu mhusika ameshalia mara nne. Mimi msomaji sijalia hata mara moja. Napiga miayo, kisha najiona mtu mbaya kwa kupiga miayo mbele ya yatima.

Waandishi wenyewe si kwamba hawana kipaji. Wengi wanajua kupanga sentensi, na wengine wana sikio zuri la mazungumzo. Tatizo ni kwamba wanaamini mikosi ikirundikwa ya kutosha, huruma itakuja yenyewe. Haiji. Sote tunaishi na mikosi ya watu kila siku. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo unatangazwa msiba, unatuma mchango, unaandika pole, unarudi kwenye sahani yako. Si ukatili, ndivyo tunavyoweza kuishi. Hadithi inayonipa orodha ya mikosi inanifanya nitoe pole ya namna hiyohiyo, nikafunua ukurasa.

Kinachomvuta msomaji akae upande wa mhusika ni kujua anataka nini. Kitu hicho kiwe kidogo, cha leo, kinachoshikika. Halafu amwone akikikosa mbele ya watu ambao wangeweza kumpa bila kupoteza hata senti.

Hadithi ninayowapa watu waisome kabla hatujazungumza chochote ni “Toska” (yaani majonzi) ya mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov, iliyotoka gazetini mjini St. Petersburg mwaka 1886, wakati Chekhov akiwa daktari kijana. Mhusika ni Iona Potapov, mzee anayebeba abiria kwa gari la farasi. Ni jioni, theluji inaanguka, naye ameketi amejikunja bila kutikisika mpaka theluji imemfunika yeye na farasi wake. Mwanawe amefariki wiki hiyo. Chekhov angeweza kuanzia hospitalini, au makaburini, au kitandani mwa kijana anayekata roho. Ukimpa mwandishi mchanga kisa hiki, ataanzia huko. Chekhov anaanza baada ya yote hayo, na anampa Iona haja moja: kumsimulia mtu. Hataki fedha, wala hataki kufarijiwa sana. Anataka mtu amsikilize aeleze mwanawe aliuguaje, alisema nini kabla ya kufa, mazishi yalikuwaje, na jinsi alivyokwenda hospitali kuchukua nguo za marehemu.

Abiria wa kwanza ni ofisa wa jeshi. Iona anageuka, midomo inatetemeka, anamwambia kuwa mwanawe amefariki. Ofisa anauliza: alikufa kwa ugonjwa gani? Hapa msomaji anapata matumaini, na ndipo penye ufundi. Ofisa si mnyama. Ameuliza. Iona anaanza kujibu kwamba huenda ilikuwa homa, alilala hospitali siku tatu. Mara wanakaribia kugongana na wapita njia, anapigiwa kelele aangalie anakokwenda, ofisa anamhimiza aongeze mwendo. Akigeuka tena, abiria wake amefumba macho.

Kisha vijana watatu walevi, mmoja ana kibyongo. Wanampa kopeki 20, senti za Kirusi, kwa safari ya watatu, bei ya dhuluma, naye anakubali kwa kuwa bei haimshughulishi tena. Anachohitaji ni watu. Wanamtukana, wanampiga shingoni, naye anacheka nao. Anapowaambia kuhusu mwanawe, mwenye kibyongo anamjibu kwamba sote tutakufa. Baadaye Iona anajaribu kuongea na bawabu aliyesimama getini. Anaambiwa asogeze gari lake. Usiku, katika chumba wanacholala waendeshaji, kijana mmoja anaamka kunywa maji. Iona anaanza kumweleza, na kijana ameshajifunika gubigubi, amelala.

Mwishowe anakwenda bandani kwa farasi wake. Anamwambia: tuseme wewe ungekuwa na mtoto, kisha mtoto huyo akafa ghafla, si ungeumia? Farasi anatafuna, anasikiliza, anapumua juu ya mikono ya bwana wake. Na kuna jambo wasomaji wengi hawalioni mpaka wanapoirudia hadithi mara ya pili: jina la mwanawe aliyefariki, Kuzma, tunalisikia hapo tu. Katika mji mzima, aliyetajiwa jina la marehemu ni mnyama.

Hesabu machozi ya Iona katika yote niliyosimulia. Katikati, vijana wale wakishaondoka, Chekhov anajiachia kidogo na kusema kwamba huzuni ya mzee huyu ingemwagika ingefurika dunia nzima. Wako wanaolitumia hilo kunipinga: mbona naye anapaza sauti? Jibu langu ni kwamba anapaza mara moja, na kwa wakati huo ameshaipata haki ya kupaza, kwa sababu tumeshapanda gari na Iona mara mbili. Miaka sita baadaye, mwaka 1892, Chekhov alimwandikia mwandishi mwenzake, Lydia Avilova, akimshauri kwamba anapoeleza watu wenye huzuni na kutaka kumgusa msomaji, ajaribu kuwa na ubaridi zaidi, ili huzuni hiyo ipate mahali pa kuonekana. Ushauri huo naukubali kuliko wowote nilioupata darasani.

Darasani, kwa kweli, ndiko baadhi ya tatizo letu linakotoka. Tumesoma fasihi kwa kutaja sifa za mhusika: mvumilivu, mwenye bidii, mnyenyekevu, mcha Mungu. Tunapoanza kuandika, tunaumba mtu atakayejaza jibu hilo la mtihani. Anaonewa, anavumilia, anapigwa, anasamehe, anafukuzwa, anaomba dua. Mtu asiye na doa namheshimu, ila simsogelei. Nikiwa msomaji nahitaji kumwona akifanya kitu ambacho nami ningekifanya na nisingependa watu wajue.

Mathilde Loisel wa mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant, katika hadithi fupi “La Parure” ya mwaka 1884, ni mtu wa kuudhi. Ana mume mwenye kazi, ana nyumba, ana hata msichana wa kazi, lakini ananung'unika mchana na usiku kwa sababu hakuzaliwa tajiri. Wanapoalikwa kwenye tafrija ya wakubwa anataka gauni jipya, kisha anataka vito, anaazima mkufu kwa rafiki yake na kuupoteza. Kwa kuogopa kusema ukweli wananunua mwingine kwa faranga 36,000, nao wanalipa deni hilo kwa miaka kumi. Ni hapo, anapofua mwenyewe na kupanda ngazi na ndoo ya maji, akigombana sokoni kwa senti moja, ndipo anapoanza kuwa wetu. Hakubadilika akawa malaika. Alibeba alichojitwika. Wanaotaka kujua mwisho wausome wenyewe, sitauharibu hapa.

Mimi, hata hivyo, humhurumia zaidi mumewe. Faranga 400 alizompa za gauni alikuwa amezitunza anunue bunduki, aende kuwinda na marafiki zake Jumapili za kiangazi. Maupassant anasema tu kwamba uso wake ulipauka kidogo, kisha akazitoa. Bunduki haitajwi tena. Yaani mstari mmoja umemjenga mtu mzima, na haukutumia neno lolote la huzuni.

Tuje kwetu. Chukua sentensi kama hizi, ambazo nazikuta kila mara kwa sura tofauti: “Mzee Hamisi alikuwa mlinzi maskini aliyeteseka sana. Machozi yalimtiririka kila alipofikiria maisha yake magumu.” Msomaji ameshaambiwa ahisi nini, kwa hiyo hana kazi. Sasa jaribu hivi:

“Saa kumi na moja alfajiri Mzee Hamisi alivua koti la kampuni, akalikung'uta, akaligeuza ndani nje ili nembo isionekane, ndipo akaenda kituoni kungoja daladala. Kwa wakwe zake ilijulikana kwamba anafanya kazi ofisini. Haukuwa uongo. Ofisi ilikuwepo, nyuma ya geti.”

Sijasema ni maskini. Sijasema anaona aibu. Lakini tayari una siri yake mkononi, na mtu ukishashika siri yake huwezi kumwacha hivihivi. Anataka kufika nyumbani bila kuonekana na nembo, basi. Mpandishe shemeji yake kwenye daladala hiyohiyo, na mvua ianze kidogo kidogo, abiria wamwambie, “Mzee, koti lako umeligeuza, livae vizuri usilowe.” Watu wema, wanaomtakia mema, ndio wanaomsukuma kwenye aibu. Hapo hahitajiki mtu mbaya hata mmoja.

Jambo hilo la watu wabaya nalisisitiza kwa sababu mama wa kambo wa hadithi zetu amenichosha kuliko yatima wenyewe. Anaamka asubuhi kutesa tu, kana kwamba hana nguo za kufua. Mpe sababu. Mpe mgongo unaouma, au mtoto wake mwenyewe aliyefeli mtihani wiki moja na yatima kufaulu. Akishakuwa mtu, ukali wake kwa yule mtoto utauma maradufu, kwa kuwa msomaji ataona ungeweza kuepukika. Ofisa wa Iona anatuchoma kwa sababu tunajifahamu ndani yake. Nani hajafumba macho ndani ya teksi ili dereva anyamaze?

Majina nayo. Tuna utamaduni mrefu wa majazi, yaani majina yanayobeba sifa au hali ya mtu, na watu wa kweli wanaitwa Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua. Sikatazi. Ila ukimwita mhusika Tabu kisha ukampa tabu mwanzo hadi mwisho, umeshaisimulia hadithi kabla haijaanza. Huyo Tabu afadhali awe mcheshi, awe ndiye anayewachekesha wenzake kisimani kwa jina lake mwenyewe. Siku atakaponyamaza, tutashtuka.

Kwenye lugha kuna jambo linalotuponza bila sisi kujua. Kiswahili kina kiambishi -ka- cha kuunganisha matukio, na -ka- ina mbio: akaamka, akanawa, akatoka, akaenda, akaambiwa mwanawe amefariki, akalia, akarudi. Inafaa mno kwa safari na ugomvi. Lakini ikifika mahali panapouma, kata mnyororo huo. Simama. Andika kilichokuwa mezani, andika mtu alikuwa ameshika nini. Au ingia kichwani mwa mhusika kwa swali lisilo na alama za kunukuu: Angemwambia nini mkewe? Na ile nembo, je, kama shemeji ameshaiona toka kituoni? Maswali kama hayo hayana msemaji. Ni ya mhusika na ni ya msomaji kwa pamoja, na yanafanya kazi ambayo aya nzima ya “alihuzunika sana” haiwezi.

Wapo wanaokimbilia nafsi ya kwanza wakidhani “mimi” inaleta ukaribu wa bure. Mara nyingi inaleta mlalamikaji. “Mimi” inanoga zaidi pale msimulizi asipoelewa jinsi alivyoumizwa na sisi tunaelewa, kama mtoto anayesifia soda aliyonunuliwa siku alipopelekwa kuachwa kwa bibi.

Nikimaliza rasimu yangu, na hata ninapopitia ya mwingine, huchukua kalamu nikafuta kila neno la kulia, machozi, uchungu, huzuni, masikini na taabu. Yote, bila kuchagua. Halafu naisoma kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyeandika, hasa mtu mwenye haraka zake. Nasikiliza atauliza “halafu?” wapi, na atashika simu wapi. Maneno mawili matatu niliyoyafuta huwa nayarudisha. Mengine hayaachi pengo. Na pale ambapo baada ya kufuta hakijabaki kitu cha kusoma, huwa si suala la maneno tena. Inabidi nirudi kwa mhusika nimuulize leo asubuhi alitoka nyumbani akitaka nini.