Maswali Yenu: Ukaazi wa Kudumu Kanada Huanzia kwenye Karatasi za Nyumbani

Barua nyingi mlizotuandikia kutoka Dodoma na wilaya za jirani zinahusu Kanada, hasa mfumo wa Express Entry ambao wataalamu huutumia kuomba ukaazi wa kudumu bila kuwa na mwajiri kule. Tumechagua tano.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, shahada ya kwanza na miaka mitano kazini. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja. Kuna wakala anataka milioni nne ili "atuingize kwenye mfumo", anasema ndani ya miezi sita tutakuwa na ukaazi. Tumpe? — Muuguzi, Ipagala

Msimpe, dada. Kufungua wasifu kwenye Express Entry ni bure, na unaujaza mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Kanada. Wasifu huo unakaa miezi 12 ukisubiri mwaliko wa kuomba ukaazi. Kuwemo kwenye mfumo si kupata ukaazi. Ni kupanga foleni, na foleni yenyewe inapangwa kwa pointi. Mtu wa kulipwa ili akuwakilishe lazima awe mwanasheria mwenye leseni ya Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji kule, na orodha ya majina yao iko wazi mtandaoni. Wakala wako akishindwa kukupa namba yake ya usajili, mazungumzo yaishie hapo.

Sasa hesabu yako, maana ndiyo itakayoamua. Kuna mizani mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kufaulu au kushindwa: lazima ufikishe 67 kati ya 100. Shahada yako inakupa 21, miaka mitano ya kazi 13, umri 12. Jumla 46. Zilizobaki zinatoka kwenye mtihani wa Kiingereza. Ukipata ngazi ya CLB 7 (CLB ni vipimo vya Kanada vya lugha), ambayo kwa mtihani wa IELTS ni 6.0 katika kila sehemu, unaongeza 16 na kufikia 62. Umeshindwa, ingawa kila mtu mtaani atakuambia CLB 7 ndiyo kiwango kinachotakiwa. Ukipata CLB 8 unaongeza 20, unasimama kwenye 66. Pointi moja inakukosesha! Hapo mume wako anaweza kukuokoa: naye akifanya mtihani na kufikia CLB 4 tu katika sehemu zote (kusikiliza 4.5, kusoma 3.5, kuandika 4.0, kuzungumza 4.0), mnapata 5 za ziada na kufika 71.

Mizani ya pili ndiyo inayowapanga waliovuka ya kwanza, na ina jumla ya pointi 1,200. Kwa aliyeolewa na anayesafiri na mwenza, umri wako unakupa 90 na shahada 112. Kwa CLB 7 lugha inaleta 64, na mchanganyiko wa lugha na elimu na uzoefu unaleta 38. Jumla 304. Kwa CLB 9 lugha inapanda hadi 116 na mchanganyiko hadi 75. Jumla 393. Pointi 89 zimetoka kwenye mtihani wa siku moja, bila kusoma shahada nyingine wala kulipa wakala.

CLB 9 kwa IELTS ni kusikiliza 8.0 na sehemu nyingine tatu 7.0 kila moja. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi. Ukipata 6.5 kwenye kuandika na sehemu nyingine zote zikawa sawa, hupotezi pointi chache kama inavyoonekana. Unapoteza 44, kwa sababu nyongeza ya mchanganyiko inataka sehemu zote nne zifike CLB 9 kwa pamoja. Kwa hiyo mwezi wa maandalizi utumie kwenye kuandika: barua moja na insha moja kila siku, kwa muda uliopimwa, akukosoe mtu anayejua mtihani huo. Na ujiandikishe kwa IELTS ya General Training. Wauguzi wengi huchukua ile ya Academic kwa sababu ndiyo wanayoisikia kwenye masuala ya leseni; kwa uhamiaji haikubaliki.

Tukuambie ukweli: 393 haitoshi kwenye droo za kawaida, yaani mizunguko ya kutoa mialiko kwa wenye pointi nyingi, ambazo katika 2024 na 2025 zilitaka pointi zaidi ya 500. Lakini tangu 2023 Kanada huendesha pia droo za makundi, na wahudumu wa afya ni kundi mojawapo. Kuna uteuzi wa majimbo ya Kanada, yaani jimbo kukuchagua, unaoongeza pointi 600 kwa mkupuo. Kuna pia Kifaransa: ukifika ngazi ya 7 katika sehemu zote unaongeza hadi pointi 50 na kuingia kundi ambalo droo zake mara nyingi huishia chini kuliko nyingine. Na fanyeni hesabu mara mbili, mara wewe ukiwa mwombaji mkuu, mara mume wako. Sheria inaruhusu yeyote kati yenu, na wakati mwingine anayeonekana dhaifu ndiye mwenye pointi nyingi.

Jambo la mwisho kwako: ukaazi si leseni ya uuguzi. Leseni hutolewa na jimbo, na mchakato wake ni mwingine kabisa. Uanze mapema, usisubiri kufika.

Nikipata ukaazi wa kudumu, uraia wangu wa Tanzania unakufa? — Mhandisi, Kisasa

Haufi. Mkaazi wa kudumu anabaki Mtanzania, anasafiri kwa pasipoti yake ya Tanzania. Unapotea pale mtu mzima anapochukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, kwa kuwa sheria yetu ya uraia ya 1995 hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kanada haikulazimishi kuomba uraia wake. Inachokutaka ni uwe nchini mwake angalau siku 730 katika kila miaka mitano. Siku hizo si lazima zifuatane.

Nina mtoto wa miaka tisa niliyempata kabla ya ndoa, analelewa na bibi yake Kondoa. Mume wangu anashauri tusimtaje kwenye fomu ili gharama zipungue, tukishafika tutamwita. — Mama, Nkuhungu

Mama, mtajeni. Hata kama hasafiri nanyi sasa, na hata kama hamjui lini atasafiri. Fomu inataka watoto wote walio chini ya miaka 22 na wasio na ndoa, wa ndani na wa nje ya ndoa, anayeishi nanyi na asiyeishi nanyi. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa afya wakati wa maombi ya mzazi, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa na mzazi huyo baadaye kama mwanafamilia. Wapo wazazi wanaoligundua hilo wakiwa wameshafika, mtoto yuko kwa bibi, na mlango umefungwa. Tena kumficha kunahesabiwa kuwa taarifa za uongo, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa Kanada miaka mitano.

Kwa hiyo apimwe afya kama ninyi, kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada, si kwenye hospitali yoyote. Kama hana cheti cha kuzaliwa, anzeni leo: usajili uliochelewa hufanyika kwenye wilaya alikozaliwa, chini ya RITA, na utahitaji vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule. Siku mtakapotaka asafiri, baba yake mzazi atatakiwa kutoa ridhaa ya maandishi. Mkiipata mapema wakati maelewano yapo, itawaondolea kesi ya malezi baadaye.

Mke wangu ndiye mwombaji. Mimi nafanya biashara ya mahindi, fedha zetu ziko kwenye magunia. Naweza kuazima kikundini, niiweke benki mwezi mmoja, tupate barua? — Mfanyabiashara, Kibaigwa

Hapana, ndugu. Fedha za kujikimu, yaani akiba ya kuonyesha kuwa mtaweza kuishi mkifika, lazima ziwe zenu na zisiwe mkopo, na barua ya benki itakuumbua. Kanada inataka barua inayoonyesha tarehe akaunti ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi sita na madeni yenu kwenye benki hiyo. Milioni zilizoingia wiki tatu zilizopita zitaacha wastani ukiwa chini sana ya salio, na afisa atauliza zimetoka wapi.

Viwango vilivyotangazwa Julai 2025 ni dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, 19,001 kwa wawili, 23,360 kwa watatu na 28,362 kwa wanne. Hubadilishwa kila mwaka. Wanahesabiwa wanafamilia wote, hata asiyesafiri, kwa hiyo mama wa Nkuhungu aliyeuliza hapo juu naye amhesabu yule mtoto wa Kondoa.

Mahindi ghalani hayahesabiki. Kiwanja hakihesabiki. Ukiviuza, fedha zinahesabika, ila zipitie benki zikifuatana na mkataba wa mauzo. Ushauri wetu: msimu huu mnunuzi akulipe benki badala ya taslimu, hata kama ni kwa awamu, kisha acheni salio litulie miezi sita kabla mke wako hajaalikwa. Akaunti ya pamoja inafaa. Akaunti ya shemeji haifai.

Nimesikia ukialikwa una siku 60 tu. Zinatosha? — Mwalimu, Manyoni

Kwa aliyesubiri mwaliko ndipo aanze kukusanya karatasi, hazitoshi. Tathmini ya shahada peke yake inaweza kula zaidi ya hapo, kwa kuwa nakala ya matokeo lazima itumwe na chuo chenyewe moja kwa moja kwa taasisi inayotathmini. Ukiitia wewe kwenye bahasha haikubaliki. Tathmini hiyo inadumu miaka mitano, hivyo itangulie. Matokeo ya lugha yanadumu miaka miwili, yafuate. Cheti cha polisi kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kutuma maombi, kwa hiyo hicho kiwe karibu na mwisho. Upimaji wa afya, tangu Agosti 2025, unafanyika kabla ya kutuma maombi wala si baada ya kuagizwa.

Barua ya ajira ndiyo inayoangusha walimu na watumishi wengine wa umma. Mwajiri wa halmashauri hukuandikia mistari miwili kwamba wewe ni mtumishi wake tangu mwaka fulani. Kanada inataka cheo, tarehe, majukumu uliyoyafanya, saa kwa wiki na mshahara, kwenye karatasi yenye nembo na saini. Mwandikie mwajiri rasimu ya majukumu yako halisi, aipitie na kuirekebisha. Ofisi nyingi hukubali kwa kuwa inawapunguzia kazi. Karatasi iliyo kwa Kiswahili inahitaji tafsiri yenye kiapo cha mtafsiri, naye asiwe ndugu yako. BAKITA hutoa huduma ya tafsiri.

Kagua majina pia. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Juma Hamisi na kitambulisho cha NIDA kinasema Hamisi Juma, sahihisha panapowezekana kabla hujafungua wasifu, na panaposhindikana ambatanisha kiapo cha wakili kinachoeleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja.

Ada ya maombi iliyoanza Aprili 2024 ilikuwa dola za Kanada 1,525 kwa mtu mzima mmoja, ikijumuisha 575 za haki ya ukaazi, na hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Alama za vidole ni dola 85, au 170 kwa familia, nazo huchukuliwa Dar es Salaam; watoto chini ya miaka 14 hawahitajiki. Weka miadi kwanza, ndipo ukate tiketi ya SGR kutoka Dodoma, na mkononi uwe na pasipoti ileile uliyoijaza kwenye fomu.