Usukani ukivuta kushoto, usikimbilie reki

Toyota IST yangu niliinunua Ijumaa, mkononi mwa mtu, hapa hapa Tanga mjini. Kuijaribu tuliijaribu kwa kuzunguka Chumbageni mara mbili, mwendo wa 40, AC inapuliza, redio inaimba. Jumapili nikatoka nayo kwenda Muheza. Nimeshaipita Pongwe, mshale unagusa 80, usukani ukaanza kutetemeka mikononi kama mashine ya kusaga, na nikilegeza vidole gari linajiendea kushoto, kwenye watu wa baiskeli. Nikishuka hadi 60 mtetemo unaisha. Nikarudi kwa 60 hiyo hiyo, mabasi yananipigia honi njia nzima.

Gereji ya kwanza fundi aliushika usukani, akautikisa, akasema, "Bosi, reki imekufa," yaani kile chuma cha meno kinachopokea mzunguko wa usukani na kugeuza tairi za mbele. Gari hakuliinua. Halafu akataka tuongeze mafuta ya stelingi. Sasa IST stelingi yake inasaidiwa na mota ya umeme, mafuta hayo yangeingilia wapi? Nikaaga.

Aliyenisaidia ni mzee jirani yangu, dereva wa malori wa zamani. Nilimkuta barazani na kahawa yake. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, akauliza neno moja tu: "Mwanangu, upepo umepima?"

Sikuwa nimepima. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna lebo; ya kwangu imeandikwa Kijapani, lakini namba inasomeka: 220. Hizo ni kilopaskali, sawa na 32 hivi kwenye geji za psi tulizozizoea. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa na 22. Tairi iliyolegea inakokota, na gari linavutwa upande wake. Nilipojaza, mvuto ukapungua, haukwisha.

Mzee akainama kusoma ubavu wa tairi. Mwishoni mwa ile mistari ya herufi kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tatu zilikuwa 2119, yaani wiki ya 21 ya mwaka 2019. Ile ya mbele kushoto: 0813. Kashata zake, yale mafundo ya raba yanayokanyaga barabara, nzuri kabisa, ndiyo maana mimi sikuishuku wakati wa kununua. Tukabadilishana tairi za mbele, ya kushoto ikaenda kulia. (Zako zikiwa na mshale wa kuonyesha upande wa kuzungukia, usifanye hivi.) Gari likaanza kuvuta kulia. Ugonjwa ukihama na tairi, ugonjwa ni tairi. Ungebaki kushoto ningetafuta kwingine, kwa mfano breki inayong'ang'ania: ukitoka safari bila kufunga breki sana, rimu moja inakuwa ya moto kuliko mwenzake. Na jaribu mahali tambarare, kwa sababu barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yatoke, na sisi tunaopita kushoto gari hushuka kidogo upande huo hata likiwa zima.

Nikanunua tairi mbili za mbele, zikafanyiwa balansi, yaani kusawazishwa uzito zisiruke zikizunguka. Mtetemo wa 80 ukafa siku hiyo hiyo.

Kikabaki kimlio. Nikiingia vichochoro vyenye mashimo kule Ngamiani, nakata kona, nasikia "ko", mara moja tu, chini ya mguu wa kulia. Hapa ndipo fundi wa pili alinifurahisha. Alipiga jeki, akaweka stendi (jeki peke yake usiiamini), akashika tairi pembeni kwa mikono miwili, huku anasukuma, huku anavuta. Ikacheza. Akashika juu na chini, ikatulia. Akasema ikicheza juu na chini ni boljointi (kiungo kinachobeba tairi) au beringi. Ikicheza pembeni ni mambo ya tairodi, fimbo ya chuma inayotoka kwenye reki kwenda kugeuza tairi. Akashusha gari, akaniambia nikae ndani nichezeshe usukani kidogo kidogo, naye akalaza kiganja juu ya tairodi endi ya kulia, kile kiungo cha mwisho cha tairodi. "Njoo ushike mwenyewe." Nikashika yeye akichezesha: kile kiungo kinagonga kiganjani, kabla tairi halijaanza kugeuka. Raba yake ilikuwa imepasuka zamani, mchanga umeingia. Ikifika hapo usitoke nayo barabara kuu, maana ikichomoka tairi linakwenda linakotaka.

Alipofungua alihesabu mizunguko, mpya akaifunga kwa hesabu ile ile, ili nifike kwa watu wa alaimenti, wanaopima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, bila tairi kutazama pembeni. Alaimenti inakuja mwisho. Kuna wanaoanza nayo, na mimi nasema wanachoma hela: ukigusa tairodi tu, vipimo vimeshaharibika, unalipa tena.

Wiki iliyopita nimefika Segera kwa 80, mkono mmoja unatosha, reki ni ile ile iliyotoka nayo Japani. Ila gari likienda sawa usukani unakaa umeinama kidogo kulia, kwa sababu yule wa alaimenti hakuufunga ukiwa katikati kabla ya kurekebisha tairodi. Alinipa suluhisho lake: auchomoe usukani augeuze jino moja. Nikamkatalia. Kesho namrudia, arekebishe kule chini kwenye tairodi, pande zote mbili, na safari hii nasimama pale pale nikiangalia.