Watu wanakuja mara moja, hawarudi: badilisheni tarehe kwanza

Mwalimu, shikamoo. Umesema kikundi chenu cha kutazama nyota hapo Tanga kina darubini moja, mnakutana kila mwezi mpevu, na wageni wakija mara moja hawaonekani tena. Mimi naona kosa liko kwenye tarehe. Mwezi mpevu hufifisha nyota, na wenyewe huonekana bapa kama sahani.

Waiteni siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama. Elekezeni darubini pale nuru inapokutana na giza: mashimo ya mwezini yanatupa vivuli virefu, kingo zake zinang'aa, na anayechungulia mara ya kwanza hunyamaza kabisa. Mpwa wangu aling'ang'ania kiti, tukambembeleza aondoke. Sayari ya Mshtarii ikiwa juu, waonyesheni miezi yake minne mikubwa, kila mtu aichore kwenye daftari. Kesho yake itakuwa imehama, na watataka kuja kuhakikisha.

Tochi zifungeni nailoni nyekundu, ili mwanga wake usiyaharibie macho giza. Macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza.

Tena mwalikeni mvuvi mzee awasimulie Kilimia, lile kundi la nyota ambalo "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua", yaani likitua wakati wa kiangazi huchomoza wakati wa mvua. Elimu hiyo ni yetu, tusiiache ipotee.

Usiku wa Desemba 13 kuamkia 14 tandikeni mikeka mtazame vimondo vya Geminidi, bila kifaa chochote. Na Agosti 2, 2027 jua litapatwa kwa sehemu hapo kwenu. Tafuteni mapema miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Ile ya kawaida haikingi macho.