Damu ya mtoto mwenye selimundu kushuka ghafla

Pole sana, mama. Umeuliza inakuwaje mwanao mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) apate homa ndogo tu, kisha ndani ya siku chache kiwango cha damu (himoglobini) kishuke kutoka gramu 8 hadi 4 kwa desilita, ilhali dada yake asiye na selimundu aliugua vilevile na sasa anarukaruka.

Mimi ningeshuku kirusi cha parvo B19. Huingia kwenye uboho, yaani sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, na kusimamisha utengenezaji wa chembe nyekundu kwa siku 7 hadi 10 hivi. Chembe za dada yake huishi siku 120 hivi, kwa hiyo pengo hilo halionekani. Za mwanao huishi siku 10 hadi 20 tu. Kiwanda kikifungwa wiki moja, ghala ni tupu.

Muulize daktari hesabu ya chembe nyekundu changa. Zikikaribia sifuri, basi ndicho. (Wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ukivimba ghafla huku chembe changa ni nyingi, hilo ni tatizo jingine, nalo ni la dharura.) Wengi huongezewa damu, uboho ukaamka wenyewe, na ni nadra kirusi hiki kumrudia mtu.

Nyumbani, mtazame viganja, midomo na ndani ya kope la chini, penye mwanga wa kutosha. Akipauka, akihema au akilegea, nendeni hospitali hata kama ni usiku wa manane. Homa ya nyuzi 38.5 nayo haisubiri asubuhi. Kama kuna mjamzito hapo nyumbani, amweleze mkunga wake mapema kuhusu kirusi hiki.