Hatua "orijino" za ngoma ya Tang? Hela yako kaa nayo

Swali: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu tunaandaa huxuan, ile ngoma ya kale ya China ya kuzunguka. Kuna jamaa mtandaoni anauza kozi, anadai ni hatua zenyewe za Wachina wa Han (kabila kubwa la China), miaka 5000 hazijachanganyika na kabila lingine. Nilipie?

Jibu: Marahaba. Usilipe. Hili swali naletewa kila wiki na kila mara ni neno lile lile, "haijachanganyika", sasa huxuan isiyochanganyika ni ipi jamani wakati jina lenyewe linasema? "Hu" ndivyo Wachina walivyowaita wageni wa kaskazini na magharibi, "xuan" ni kuzunguka. Ni ngoma ya Wasogdi, watu wa Samarkand na miji ya jirani huko Asia ya Kati, na karne ya 8 watawala wa huko walikuwa wanampelekea mfalme wa Tang, ukoo uliotawala China enzi hizo, wasichana wachezaji kama zawadi.

Ikashika kweli kweli. Mshairi Bai Juyi anasema ikafika mahali ikulu nzima inajifunza kuzunguka, na waliotia fora ni Yang Guifei, kipenzi cha mfalme, na An Lushan, jenerali mwenye damu ya Kisogdi na Kituruki, bonge la mtu lakini akianza anazunguka kama pia (ndo huyu aliyeasi mwaka 755, na ngoma nayo ikabebeshwa lawama). Shairi hilo hilo linamwambia binti mgeni umekuja mbali bure, huku wapo wanaokushinda.

Haya, "hatua zenyewe". Pango namba 220 kule Dunhuang, kwenye mapango ya michoro ya kale mkoa wa Gansu, China, lina mchoro wa mwaka 642, wachezaji wako juu ya vizulia vya duara, vitambaa vinapepea, na wengi tunaona ni huxuan ile. Lakini ule ni ukuta, unakupa pozi moja tu, mguu umetoka wapi na unaenda wapi haukwambii. Ngoma ya Dunhuang ya leo imetungwa kutokana na mapozi kama hayo, hasa baada ya onyesho la Gansu la mwaka 1979, hata lile pozi la kupiga "pipa", kinanda cha nyuzi cha Kichina, nyuma ya mgongo limetoka pango namba 112. Mimi nafundisha hiyo hiyo ila nasema wazi imetungwa.

Kwa hiyo mtu akikuuzia ngoma "safi" ya kabila lolote, muulize kaitoa pango gani, kaburi gani, maandishi gani, akianza tena habari za miaka 5000 mpige bloku.