Gunia nalo ni mazoezi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayejiandaa kwa mbio za baiskeli apumzike siku ngapi kwa wiki? Mimi nasema, kabla ya kuhesabu siku, tazama kwanza kazi unayofanya ukishashuka kwenye baiskeli.

Nauza viazi Nakuru. Jumanne na Ijumaa alfajiri gari hufika kutoka Mau Narok, nami hushusha magunia ya kilo 50 mpaka jua litoke. Mwaka jana nilishika ratiba iliyofanya siku hizo mbili kuwa za mapumziko, kwa kuwa sipati nafasi ya kuendesha. Kwenye karatasi ilipendeza. Kufikia wiki ya tano, mlima wa juu ya Njoro, ambao nilizoea kuupanda nimekaa kitini, ulinishusha nikasukuma baiskeli. Usiku silali, mchana nawafokea wateja.

Misuli haipati nguvu unapokanyaga pedali. Pale unaichosha tu. Hujijenga ukilala na kula. Hata akiba yake ya wanga, ukiimaliza kwa safari ya saa tatu, huhitaji takriban siku nzima ya chakula cha kutosha na utulivu ili irudi. Sasa anayebeba magunia siku hiyohiyo atairudishaje?

Siku hizi Jumanne na Ijumaa naziandika kuwa siku ngumu. Jumatano ni dakika 40 za tambarare, mwendo wa kuweza kupiga gumzo. Alhamisi napanda mlima. Jumapili ni safari ndefu. Jumamosi na Jumatatu sigusi baiskeli kabisa, na kila wiki ya nne napunguza kilomita karibu nusu.

Tena kila asubuhi, kabla sijaondoa blanketi, naweka vidole viwili shingoni na kuhesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Kawaida yangu ni 54. Nikikuta 62, najua mwili bado umechoka, na hata iwe Alhamisi, baiskeli inabaki ukutani. Mwanzoni iliniuma sana, maana wenzangu nawasikia wakipita barabarani wakiitana.

Ndugu zangu mnaotunga ratiba za vikundi, tafadhali muulizeni mtu anafanya kazi gani kabla ya kumwandikia kilomita. Kwetu tumeanza kuulizana hivyo, na wa kwanza kupunguziwa alikuwa mwashi anayebeba mawe siku sita kwa wiki. Tulikuwa tumemwona mzembe.