Jibu: Bendera nusu mlingoti shuleni

Mwalimu, umeuliza kwa nini siku za maombolezo ya kitaifa, kama zile 7 za Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais mstaafu wa Tanzania, mwaka 2024, bendera hufikishwa juu kabisa kwanza badala ya kufungwa katikati moja kwa moja.

Ni kwa sababu bendera hupewa heshima yake kamili kwanza, ndipo iiname. Ipandishe haraka hadi kwenye kapi, itulie kidogo, kisha ishushe polepole hadi nusu. Jioni fanya vivyo hivyo: irudishe juu kabisa, ndipo uiteremshe. Hatua hii ya jioni ndiyo wengi huisahau.

Kabla ya kupandisha, hakikisha kijani kipo juu upande wa mlingoti na buluu ipo chini. Kwenye giza la alfajiri ni rahisi kuigeuza, na kwa familia yenye msiba hilo linauma.

Kamba izungushe kwenye kishikio mara kadhaa kwa umbo la nane, umalizie na kitanzi kilichobana. Ikilegea, upepo huivuta kidogo kidogo na kufikia saa nne bendera iko robo mlingoti.

Waonyeshe wanafunzi ile nafasi tupu iliyobaki juu. Mabaharia wa zamani husimuliwa kuwa waliiachia bendera ya mauti, isiyoonekana. Hata aliyeongoza nchi nzima, mauti hukaa juu yake. Waache waitazame kimya dakika moja kabla ya kuingia darasani.